Je, Wajua? Mbayuwayu Anayezaa Shimoni

Ukitoka Uyole kwa barabara ya Tukuyu, ukakata kushoto pale Isyonje, baridi inakupokea mapema: uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wengi hupanda mvua zikianza Novemba kutazama maua, ambayo ndiyo hasa yaliyofanya Kitulo iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sisi wa darubini huwasihi rafiki zetu wainue macho kidogo.

Je, wajua kuwa mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini kutoweka, huja hapo kuzaliana, tena chini ya ardhi? Hutafuta shimo lililoachwa na muhanga, au mahali palipotitia, akabandika ukutani mwake kikombe cha tope na nyasi. Dume utamjua kwa weusi unaong'aa buluu juani na nyuzi mbili ndefu za mkia. Msimu ukiisha, hurudi mbugani kandokando ya Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya.

Ndege mwingine, tandawala, naye yupo, akitembea kwa madaha kama bwana shamba akaguaye ngano. Ukikuta shimo la mbayuwayu, usichungulie: mama anaweza kukisusa kiota.