Nguvu za Mwanamke ni Amana



Katika nyumba zetu nyingi msichana wa miaka 12 huchukua dumu la maji la lita 20 kutoka bombani mpaka uani, na hapana mtu anayestaajabu. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mama yake hutwanga kwa mchi, hubeba mtoto mgongoni na kuni kichwani, na kwa hayo husifiwa kuwa ni mwanamke hodari. Lakini siku binti yuleyule atakaposema kuwa ataka kunyanyua vyuma ili auimarishe mwili wake, hapo ndipo nyuso hukunjamana. Ataambiwa kuwa ataka kuwa jikedume, na kuwa hatapata mume, na pengine ataambiwa hata kuwa dini yake haimruhusu.

Basi yafaa tutazame jambo hili kwa uadilifu. Mtaimbo wanaoutumia wanawake katika mashindano ya dunia ya kunyanyua vyuma, kabla haujatiwa uzito wowote, una kilo 15 tu. Ni mwepesi kuliko lile dumu. Ikiwa uzito hautuchukizi anapoubeba kwa ajili yetu, kwa nini utuchukize anapoubeba kwa ajili ya afya yake mwenyewe?

Dini yasemaje

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza, kama alivyopokea Abu Huraira (R.A.), kuwa Muumini aliye imara hupendeza zaidi mbele ya Mola wake kuliko aliye dhaifu, ingawa kila mmoja wao ana kheri yake. Ni kweli kwamba wanavyuoni, akiwamo Imam Nawawi, wameeleza kuwa nguvu zilizokusudiwa hapo kwanza ni nguvu za azma katika mambo ya akhera. Lakini azma haina budi kuwa na kipando, na kipando chake ni mwili huu. Kusimama katika sala, kufunga, kutufu na kwenda baina ya Safa na Marwa mara 7, yote hayo hufanywa kwa miguu na mgongo. Na hiyo saayi yenyewe twaifanya kwa kufuata nyayo za mwanamke, Bibi Hajar, aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji.

Tena Mtume (S.A.W.) alipomkanya Abdullahi bin Amr asijichoshe kwa kufunga na kusali usiku kucha, alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo haikufanywa ya wanaume peke yao.

Na tuwatazame wanawake wa zama zile. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda, kisha baada ya muda, alipokwisha kunenepa, wakashindana tena, naye Mtume akamshinda. Katika vita vya Uhud, Bibi Aisha na Ummu Sulaym walionekana wakichukua viriba vya maji migongoni, wakiwanywesha majeruhi na kurudi mbio kuvijaza tena. Siku hiyohiyo Nusayba binti Kaab, aliyejulikana kwa jina la Ummu Umara, alisimama na upanga kumkinga Mtume, akapata majeraha mengi, na moja la begani lilikuwa zito sana. Na Asmaa binti Abu Bakar alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kwa mwendo mrefu kutoka shambani kwa ajili ya mnyama wa mumewe. Hao ndio mabibi ambao majina yao twawapa binti zetu. Je, majina yao tuyapende na misuli yao tuione aibu?

Shaka ya mavazi

Huenda mtu akasema: “Nguvu sizipingi, lakini mchezo wa vyuma hauna stara.” Shaka hii ina haki ya kujibiwa, na aliyeijibu ni mwanamke wa Kiislamu kwa subira yake.

Bibi Kulsoom Abdullah alizaliwa Marekani kwa wazazi wa Kipakistani, akasoma uhandisi wa kompyuta mpaka akapata shahada ya udaktari. Alipendezwa na mchezo wa kunyanyua vyuma, na alipofikia kiwango cha kuingia mashindano makubwa ya nchi yake, aliambiwa kuwa hawezi kushindana hali amejifunika mikono na miguu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba waamuzi lazima waone kuwa viwiko na magoti yamenyooka sawasawa wakati wa kunyanyua. Bibi huyu hakuvua stara yake, wala hakuacha mchezo wake kwa hasira. Alikusanya hoja zake, akaeleza jinsi vazi lenye kuufunika mwili linavyoweza kuachia viungo hivyo vihukumiwe bila ya udanganyifu, na hoja hizo zikafikishwa mbele ya shirikisho la dunia la mchezo huo. Katika mwezi wa Juni mwaka 2011, kwenye mkutano uliofanyika Penang, Malaysia, kanuni ikabadilishwa, na wanyanyuaji wakaruhusiwa kuvaa vazi la kufunika mwili mzima. Mwezi uliofuata alishindana katika mashindano ya taifa ya Marekani, na mwaka huohuo akaiwakilisha Pakistani katika mashindano ya dunia mjini Paris.

Matunda ya jambo hilo hayakuchelewa. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, binti wa Kimisri mwenye umri wa miaka 18, Sara Ahmed wa Ismailia, alitoka mbele ya dunia nzima amevaa hijabu, mikono na miguu yake imefunikwa. Alinyanyua kilo 112 kwa mnyanyuo wa pigo moja, na kilo 143 kwa mnyanyuo wa pigo mbili, jumla kilo 255, akapata nishani ya shaba. Akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kupanda jukwaa la washindi katika Olimpiki. Kisha ukaja mtihani. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, wanyanyuaji wa Misri hawakuruhusiwa kushiriki kwa sababu ya makosa ya dawa za kuongeza nguvu yaliyopatikana kwa wengine wa nchi yake. Sara akangoja. Mwaka 2024 mjini Paris alirudi, akanyanyua jumla ya kilo 268, na mara hii akapata nishani ya fedha. Miaka 8 ilipita baina ya jukwaa la kwanza na la pili. Kijana anayetaka kujua subira ni nini, basi na aitazame miaka hiyo.

Je, atageuka mwanamume?

Ama wale wanaoogopa kuwa mwanamke atakayenyanyua vyuma atakuwa na umbo la kiume, elimu ya mwili yawatuliza. Homoni inayokuza misuli ya wanaume, iitwayo testosteroni, ni chache sana katika mwili wa mwanamke. Kwa hivyo mazoezi ya kawaida humpa nguvu, humnyoosha mgongo na humkaza mwili, lakini hayamwondolei uanamke wake.

Tena iko hatari kubwa zaidi ambayo hatuiogopi inavyostahili. Mwanamke akikoma hedhi mifupa yake huanza kupungua uimara kwa haraka. Ndipo tunapowaona mabibi zetu wakiteleza msalani, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo wasiinuke tena. Mifupa ni kitu hai: ikibebeshwa uzito hujijenga, na ikiachwa bila kazi hudhoofika. Huko Australia wataalamu waliwachunguza wanawake 101 waliokwisha koma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uimara. Wengine walinyanyua uzito mkubwa mbele ya mwalimu, mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa muda wa miezi 8. Wengine walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya uti wa mgongo ya wale wa kwanza ilizidi uimara kwa kadiri ya asilimia 3, na ya wale wa pili ilipungua kwa kadiri ya asilimia 1. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wazima wote, wanaume na wanawake, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi katika kila wiki.

Wala mtu asidhani kuwa kubeba maji na kuni kumekwisha kutosha. Mzigo wa nyumbani hauna kipimo wala mapumziko. Humbana mwanamke akiwa mgonjwa na akiwa mzima, na mara nyingi humwumiza shingo na kiuno. Mazoezi yana kiasi, yana mwalimu, na yana siku ya kupumzika. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kama tofauti ya kushinda na njaa na kufunga saumu.

Namna ya kuanza

Mwenye kutaka kuanza hahitaji mali nyingi. Na aanze kwa kuketi kitini na kuinuka mara 10 bila ya kushika kitu. Kisha ajaze mchanga katika chupa 2, azinyanyue kutoka mabegani mpaka juu ya kichwa taratibu, huku akipumua wala asizuie pumzi. Anapoinua kitu kutoka chini, na akunje magoti na anyooshe mgongo. Uzito na uongezwe kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo, na amwulize daktari kwanza. Na wale wenye ukumbi wa mazoezi wanaweza kutenga saa za wanawake peke yao, na mwalimu wa kike, ili stara na afya zipatikane pamoja.

Nanyi kina baba, mumtazamapo binti yenu, kumbukeni kisa cha Nabii Musa (A.S.) kwenye kisima cha Madyan. Wale mabinti wawili walikuwa wakichunga kondoo, kwa sababu baba yao alikuwa mzee. Na mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, akimsifu kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Binti mwenye haya, na mwenye kazi nzito mikononi, alijua kuwa sifa hizo mbili hukaa pamoja. Basi tusimlee binti kwa kumfunza kuwa udhaifu ni sehemu ya adabu.

Nguvu ni amana aliyopewa mwanamke na Muumba wake, na amana huulizwa. Mwenyezi Mungu azihifadhi afya za mama zetu, na awajaalie binti zetu miili yenye nguvu na nyoyo zenye imani. Amin.