Mtoto Mwenye Homa na Chupa ya Maji

Mama mmoja alitujia baada ya darasa la Alasiri, hapa Malindi, naye amejaa malalamiko. Mwanawe alikuwa amelazwa kwa homa kali, na daktari amekataa kumtilia maji ya mshipa kwa kasi. "Sheikh, wa jirani yangu alikuwa akiharisha, akatundikiwa chupa papo hapo. Wangu wanamtazama tu." Hatukumlaumu. Sisi wenyewe tuliamini zamani kuwa hospitali isiyotundika chupa haijatibu.

Ajabu ni kwamba swali lake limechunguzwa jirani kabisa, Kilifi. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba iliagiza kuwa mtoto mahututi mwenye homa, ambaye damu haimzunguki vyema na viganja vimekuwa baridi, atiliwe maji mengi kwa haraka. Watafiti wa KEMRI na Wellcome, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania, waliupima mwongozo huo kwa watoto 3,141. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa kasi, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa waliopewa maji ya kadiri, taratibu, walikuwa 7.

Lililotushtua zaidi ni kuwa waliotiwa maji kwa kasi ndio walioonekana kupata nafuu mapema. Viganja vilipata joto, daktari akaridhika, kisha vifo vikazidi upande huo huo. Kitabu kilikosea, na jicho nalo likadanganyika.

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwakemea vikali kwa kutouliza wasilolijua. Hukumu ya maji waliijua; jeraha hawakulitazama.

Lakini tusigeuze kosa. Utafiti wa Kilifi haukuwaingiza watoto wenye kuharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali. Daktari atakayemnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha, eti kwa sababu ya utafiti huo, atakuwa amekosea vibaya kama wale wasafiri. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipotoa mwongozo mpya mwaka 2016, liliwatenga watoto kwa dalili zao: nani atiliwe maji ya haraka na nani asitiliwe. Dalili hizo hazijisomi zenyewe. Husomwa na mtu aliyesimama kando ya kitanda, na mara nyingi ni mama ndiye ajuaye mtoto ameharisha mara ngapi na amekojoa lini.

Sisi si matabibu, hatukumpa mama yule fatwa ya dawa. Tulimwambia arudi wodini, aeleze yote aliyoyaona tangu homa ilipoanza, kisha amwombe daktari, kwa adabu, amweleze sababu ya uamuzi wake. Akavuta buibui lake, akatoka kabla ya adhana ya Magharibi.