Taharizi na Kikwapa: Hesabu Iliyomo Ndani ya Kanzu

Siku hizi mtu akiona kanzu yenye viungo vingi hudhani mwenyewe kapungukiwa na kitambaa. Dhana hiyo siikubali. Kanzu ya kale yote ni vipande, na kila kipande kina jina lake: badani, ndiyo mbele na nyuma, taharizi, zile za ubavuni, kikwapa, kaba, kwa ndani shingoni na mabegani, na sijafu, kwenye upindo wa mkono.

Asili ya viungo hivyo ni wembamba wa nguo. Merikani iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, katika karne ya 19, upana wake ulikuwa kiasi cha wari moja. Nayo ilikuwa mali hasa. Huko bara ilipokewa mahali pa fedha. Nani angethubutu kuikata ovyo?

Basi tazama ustadi wa mafundi. Badani ilikatwa mstatili, kufuata uzi. Kwa kuwa miguu yataka nafasi ya kutembea, chini pakaongezwa taharizi. Fundi alitwaa kipande kirefu cha mstatili, akakikata hanamu toka pembe hadi pembe, akapata taharizi mbili, nyembamba kwapani na pana miguuni. Hakikubaki hata kitambaa cha kufutia kalamu.

Kikwapa nacho ni mraba mdogo tu, lakini ndicho kiuachiacho mkono uinuke. Kanzu ya kukatwa hivyo isipokuwa nacho, mwenyewe akiinua mikono kwa takbira, kanzu nzima hupanda naye, au hupasuka kwapani mbele ya maamuma!

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mashati ya Ulaya ya karne ya 18 yalikuwa mistatili na miraba, na vikwapa vile vile; Mfaransa Garsault aliueleza ukataji wake katika kitabu kilichochapishwa Paris mwaka 1771. Hata magauni ya hariri ya mabibi wa huko yaliungwaungwa mahali pasipoonekana. Na hao ni matajiri.

Kanzu niliyovaa chuoni, taharizi yake yenyewe ilikuwa imeungwa, kipande juu ya kipande. Hakuna aliyenicheka, kwani zetu sote zilikuwa hivyo.

Leo vitambaa ni vipana, na mabaki hufagiliwa jioni yakatupwa. Israfu hiyo yaniuma, lakini zaidi yaniuma majina. Juzi nilimtajia fundi mmoja kijana neno taharizi. Akaniuliza yauzwa duka gani.