Kima Punju wa Unguja

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba umbo la mnyama hulingana na mahali anapoishi na chakula anachokula. Sasa tutamchunguza mnyama mmoja wa mitini ambaye, kwa asili, hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika kisiwa cha Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nacho. Jina lake ni kima punju. Ikiwa unaishi Unguja, hasa upande wa kusini, bila shaka umekwisha kumwona. Ikiwa unaishi Bara, huenda umemwona mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe. Huyo ni wa ukoo mmoja naye.

Kabla hatujaendelea, lifikirie kidogo jina hili. Punju maana yake ni sumu. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya harufu yake kali, na kutokana na jina hilo yakazuka maneno mengi. Wako wanaosema kwamba mti anaoula majani yake hukauka. Wengine husema kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Hivyo tunaweza kusema kwamba wako kima punju wawili: mmoja anaishi mitini, na mwingine anaishi katika masimulizi tu. Tukitaka kumjua yule wa kwanza, yatupasa kumtazama kwa macho yetu na kuyapima yale tunayoambiwa.

Umbile lake

Mgongo wa kima punju una manyoya mekundu yanayochanganyika na meusi, na tumbo lake ni jeupe. Mabega na mikono ina mstari mweusi. Uso wake ni mweusi, bali midomo na pua vina rangi ya waridi, na nywele ndefu za kichwani humfanya aonekane kama mzee aliyeamka bila kuchana nywele. Mkia wake ni mrefu sana. Hawezi kushika tawi kwa mkia huo. Kazi yake ni kumsaidia asipoteze mizani anaporuka.

Tazama kiganja chako. Kidole gumba hukuwezesha kushika kalamu, jembe au sindano. Kima punju karibu hana kidole gumba. Vidole vyake vinne vilivyo virefu hufanya kazi kama kulabu: hujitundika katika tawi kwa haraka na kuliachia kwa haraka. Kwa mnyama anayeruka kutoka mti hadi mti siku nzima, gumba lingekuwa kizuizi. Hapa unaona kwamba kiungo kinachofaa kwako si lazima kimfae kiumbe mwingine.

Kima punju huishi kwa makundi. Kundi laweza kuwa na wanyama 30 hadi 50, majike wakiwa wengi kuliko madume. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, wala hazai kila mwaka. Likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji baadaye.

Chakula chake

Chakula kikuu cha kima punju ni majani, hasa machanga. Hula pia maua, vichipukizi na matunda mabichi. Matunda mabivu hayamfai. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na ndani yake mna vijidudu vingi sana viitwavyo bakteria. Vijidudu hivyo huyavunja majani magumu na kuyafanya yawe chakula chenye manufaa, kama vile vinavyofanya katika tumbo la ng'ombe. Sukari nyingi ya tunda bivu ingeyaharibu mambo tumboni humo kwa kuongeza asidi. Ndiyo maana baada ya kula kima punju hukaa kimya juu ya tawi kwa muda mrefu. Mtu asiyejua humwita mvivu, kumbe tumbo liko kazini.

Wengi wao huishi katika msitu wa Jozani na vichaka vinavyouzunguka. Wengine huingia katika misitu ya mikoko kando ya bahari. Huko hula majani yenye chumvi, na kwa hiyo huonekana wakinywa maji mara nyingi kuliko wenzao wa msituni. Wengine tena huishi karibu na mashamba, na hao ndio waliowashangaza wataalamu zaidi, kwa sababu hula mkaa.

Ndiyo, mkaa huu huu wa jikoni. Huuokota katika visiki vilivyoungua na mahali palipokuwa na tanuri za kuchomea mkaa, kisha hukaa wakautafuna. Mkaa hauna chakula ndani yake. Basi huula kwa nini? Karibu na mashamba kima punju hupata majani ya mwembe na mkungu. Majani hayo yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali ziitwazo fenoli, ambazo zikizidi huleta madhara na huzuia usagaji wa chakula. Mkaa una matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na kemikali hizo hunasa humo. Hivyo mnyama hufaidi protini, na sehemu ya sumu hutoka pamoja na mkaa. Watafiti hudhani kwamba watoto hujifunza tabia hii kwa kuwaiga mama zao. Yule aitwaye sumu, basi, anayo njia yake mwenyewe ya kujikinga na sumu.

Jaribio. Twanga kipande cha mkaa mpaka kiwe unga, kisha ukioshe kwa maji mara mbili au tatu. Toboa matundu madogo chini ya kopo, tandika pamba ndani yake, halafu mimina unga huo juu ya pamba mpaka kopo lifike nusu. Tia tone moja la wino katika glasi ya maji. Mimina nusu ya maji hayo polepole juu ya mkaa na uyakinge kwa chombo safi. Linganisha rangi yake na ya yale yaliyobaki katika glasi. Usiyanywe.

Kima na minazi

Lawama kubwa ya wakulima juu ya kima punju ni kwamba anaharibu minazi. Hii si lawama ya kudharauliwa. Mtu anayesomesha watoto kwa fedha za nazi hawezi kutazama kwa furaha kundi la kima likiingia shambani mwake. Lakini tujiulize, kima huyu hula nini katika mnazi? Unajua kwamba tunda la mnazi hupita hatua nyingi: kwanza kidaka, kisha kitale, kisha dafu, halafu koroma, na mwisho nazi. Kima punju hula vidaka. Sasa nenda ukatazame chini ya mnazi wowote, hata mahali pasipo na kima. Utakuta vidaka vimejiangukia vyenyewe. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea hadi vikomae.

Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walilichunguza jambo hili katika mashamba ya Unguja na kutoa matokeo yao mwaka 1999. Walichunguza vidaka vilivyoliwa na kima, na wakachunguza nazi walizovuna wakulima. Hawakuona kwamba mavuno yalipungua kwa sababu ya kima. Waliona kwamba pale vilipoliwa vidaka vingi, mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi, pengine kwa sababu vilivyobaki mtini vilipata chakula cha kutosha. Ni kama mkulima anavyoing'oa miche ya mtama iliyosongamana ili iliyobaki inenepe. Hata hivyo, kima wakisongamana katika shamba dogo, miembe na miti mingine huweza kubaki mitupu, na kupitishwa kwa utafiti mmoja hakumwondolei mkulima hasara hiyo. Kosa hapo ni la uhaba wa msitu, wala si la sumu.

Hatari zinazomkabili

Huenda ukauliza: maneno ya watu yanaweza kumdhuru mnyama vipi? Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko chui wa Bara. Watu wengi waliamini kwamba chui hao walifugwa na wachawi na kutumwa kuwadhuru jirani. Waliwindwa kwa miaka mingi, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilifanywa kampeni ya kuwamaliza. Wataalamu wengi wanaamini kwamba chui wa Unguja ametoweka. Aliyeshtakiwa alikuwa chui wa masimulizi, lakini aliyeuawa alikuwa na damu na mifupa.

Hatari iliyo kubwa kwa kima punju ni kupungua kwa makazi. Miti hukatwa kwa ajili ya kuni, mkaa, mashamba na majengo. Kisiwa hakina nafasi ya kukimbilia. Mnyama akikosa msitu hapa, ng'ambo yake ni bahari. Mwaka 1974 kima punju 14 walipelekwa katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, ili wazaliane huko. Miaka ishirini baadaye walikuwa bado ni wachache mno.

Barabara nayo huua. Barabara ya kutoka mjini kwenda kusini hupita Jozani. Ilipotengenezwa upya katika miaka ya 1990, magari yaliongeza mwendo, na kima mmoja aligongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Kisha yakawekwa matuta manne. Vifo vikapungua hadi kima mmoja kwa kiasi cha wiki sita. Dawa ilikuwa rahisi hivyo, ingawa dereva mwenye haraka huyalaumu matuta hayo hadi leo.

Mwaka 2004 Jozani, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilifanywa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilomita za mraba 50. Watalii hulipa ili wawaone kima, na sehemu ya fedha hizo huvifikia vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya hesabu iliyofanywa kisiwani kote. Kima punju walikuwa zaidi ya 5,800, yaani zaidi ya mara tatu ya idadi iliyokuwa ikidhaniwa. Habari hiyo ni njema, lakini usisahau kwamba hao ni karibu wote waliopo duniani. Idadi hiyo ya watu waweza kuikuta katika kata moja tu. Tena, waliohesabiwa nje ya hifadhi walikuwa katika makundi madogo yenye watoto wachache, na tumekwisha kuona kwamba jike huzaa mtoto mmoja, wala si kila mwaka.

Maswali

1. Kima punju hana gumba la kufaa kitu. Eleza jinsi jambo hilo linavyomsaidia.

2. Kwa nini haoni faida katika embe bivu, na wewe unaiona?

3. Mkulima mmoja anasema, "Kima wamekula vidaka mia, basi nimepoteza nazi mia." Ungemjibu nini? Ungehesabu nini shambani mwake ili uwe na hakika na jibu lako?

4. Waulize wazee wawili au watatu wa mahali unapoishi juu ya mnyama anayeogopwa au kuchukiwa, kama bundi, kinyonga au popo. Andika kila wanalosema juu yake. Kisha, pamoja na mwalimu wako, chagua moja mnaloweza kulipima kwa kumtazama mnyama huyo mwenyewe bila kumdhuru.