Mambo ya Zamani Yanaporudi Usiku

Labda katika nyumba yako kuna mutu wa namna hii. Siku ya vita alikimbia, akaona watu wakiuawa. Vita ikapita. Sasa analima, anakula, mwili wake hauna kidonda. Lakini usiku anapiga kelele. Akisikia mulango ukifungwa kwa nguvu, anaruka. Njia moja ya kwenda shambani hataki kuipita tena. Wengine wanasema: Amerogwa. Wengine: Ni muvivu. Wote wamekosa.

Huu ni ugonjwa, na sababu yake inajulikana. Ukikumbuka ndoa ya dada yako, unajua ilikuwa mwaka gani na kijiji gani, tena unajua imekwisha. Lakini wakati wa woga mukubwa sana akili haiwezi kupanga mambo vizuri. Inashika vipande tu: harufu ya moshi, sauti ya bunduki, rangi ya nguo. Vipande vile havina tarehe. Kwa hiyo mutu akisikia harufu ya moshi leo, mwili wake unaamini kwamba vita ni leo. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka. Hajifanyi.

Basi anakimbia kila kitu chenye kumukumbusha. Nasi tunamusaidia kukimbia tunapomwambia: “Sahau tu, mama.” Tunasema hivi kwa upendo, lakini vipande vinaendelea kurudi.

Sasa, matunzo yake ni nini? Si sindano. Namna moja inaanza na kamba. Mugonjwa anakaa chumbani pamoja na musaidizi aliyefundishwa, wao wawili tu. Wanatandika kamba chini. Mwanzo wake ni siku ya kuzaliwa. Pahali pa kila jambo jema mugonjwa anaweka ua, pahali pa kila jambo baya anaweka jiwe. Hapa ni ua: alianza masomo. Hapa ni jiwe: baba alikufa. Hapa jiwe kubwa: vita ya 1996. Tena ua: mutoto wa kwanza. Kipande cha mwisho cha kamba kinabaki kimekunjwa, maana siku zile hazijafika.

Kisha, siku kwa siku, anasimulia maisha yake toka utoto. Wakifika kwenye jiwe wanakwenda polepole. Musaidizi anauliza: Uliona nini? Ulisikia nini? Mwili wako ulikuwa namna gani? Na sasa, hapa chumbani, unasikia nini? Mugonjwa anaweza kulia na kutetemeka, asikatazwe. Hawaachi habari katikati ya woga, wanaendelea mpaka saa ile ya hatari imepita na moyo umetulia. Musaidizi anaandika yote, na siku ingine anamusomea. Hivi siku ile mbaya inapata mwaka wake na pahali pake. Mara nyingi mikutano 4 mpaka 12 inatosha. Jiwe haliondoki, lakini halimurukii tena usiku.

Wengine wanatunzwa kwa kikundi. Katika vijiji vya Kivu jambo hili lilipimwa kwa wanawake walioumizwa na jeuri ya kunajisiwa, na habari yake ilitolewa mwaka wa 2013. Kila mumoja alikutana na musaidizi mara 1 peke yake, kisha mara 11 pamoja na wenzake, wakijifunza kupima mawazo kama hili: “Ni kosa langu.” Baada ya miezi 6, wenye dalili kubwa za huzuni na wasiwasi walikuwa 9 tu katika 100. Katika vijiji vingine, ambako wanawake walipewa musaada mumoja mumoja pasipo mafundisho haya, walikuwa 42 katika 100. Wasaidizi hawakuwa waganga. Walikuwa Wakongo wenzetu waliofundishwa.

Angalia: kusimulia mbele ya kanisa lote si matunzo haya. Musaidizi wa kweli anafunga kinywa chake. Tena usimulazimishe mutu kusema, zaidi katika siku za kwanza. Wakati ule anahitaji chakula, blanketi na watu wake, na wengi wanapona hivyo. Lakini kama mwezi umepita naye hapati usingizi, mulete hospitali.

Akisema anataka kufa, usingoje mwezi. Mulete siku ile ile, na njiani usimwache peke yake.