Mfupa Utatoka Wapi?

Ndugu msomaji, wewe unayekaa karibu na mashimo ya kasiterite na koltani, unajua namna vijana wetu wanavyovunjika. Udongo unaanguka shimoni, ama pikipiki inateleza kwenye barabara ya Manono, na mguu unakatika. Wanafunga plasta, miezi inapita, wanapiga radio: mifupa haijashikana. Njo hapo munganga anasema atatwaa mfupa kidogo kiunoni na kuupanda mguuni. Jamaa wanaanza kunong'ona. Eti mfupa wa nani? Eti wataenda kuuza mingine?

Tuseme wazi. Mara nyingi mfupa huo ni wa mgonjwa mwenyewe. Weka mkono pale mkaba wa suruali unapokaa, utasikia ukingo mgumu kama wa bakuli. Ndani yake mfupa ni laini, una matundu kama sifongo, na uko na uzima. Munganga anapasua ngozi, anatoa vipande, anavijaza pale palipokataa kushikana, kisha anakaza mguu na chuma ili usitikisike. Kwa kuwa ni mwili wako, mwili hauukatai, na hauwezi kukuletea UKIMWI kutoka kwa mtu mwingine.

Wakristo waliwahi kuogopa jambo hili zamani. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1668, mpasuaji wa Uholanzi, Job van Meekeren, anasimulia habari za askari wa Urusi ambaye fuvu lake lilizibwa kwa mfupa wa mbwa. Kanisa likamtenga. Akarudi kuomba utolewe, lakini ulikuwa umekwisha kushikana. Hapa kwetu hakuna mbwa. Soma Mwanzo sura ya 2: Mungu mwenyewe alitwaa ubavu wa Adamu, na alimlaza usingizi kwanza, kisha akafunika mahali pale kwa nyama. Mimi sioni dhambi.

Lakini sipendi mgonjwa aambiwe ni kipande kidogo tu, basi. Atatoka na vidonda viwili. Siku za kwanza wengi wanasema kiuno kinauma kuliko mguu wenyewe. Kwa wengi maumivu yanapungua kisha majuma machache. Kwa wengine yanadumu miezi, hata kupita mwaka. Karibu na pale panapopasuliwa unapita mshipa wa fahamu unaoshuka upande wa nje wa paja. Ukiguswa ama ukikatwa, paja linakufa ganzi au linawaka kama pilipili, na pengine haliponi kabisa. Damu inaweza kujaa chini ya ngozi. Usaha unaweza kuingia. Na ukingo uliopunguzwa unaweza kuvunjika, zaidi kwa mtu anayeharakisha kubeba kiroba cha mchanga kwa sababu watoto wanalala njaa. Hatari hii ya mwisho iko mikononi mwa jamaa: mbele ya kukubali, mpange nani atalisha nyumba.

Mumuulize munganga bila haya. Mfupa utatoka upande gani? Dawa ya maumivu itatosha siku ngapi? Tena, mguu uko na usaha? Kama uko nao, usafishwe kwanza, kwa maana mfupa uliopandwa katika usaha unaoza, na kiuno kimepasuliwa bure. Mvutaji wa tumbaku aache, sababu moshi unachelewesha mfupa kushikana. Mama wa nyumba asiambiwe habari wakati mgonjwa amekwisha kuingia chumba cha upasuaji. Yeye njo atakayemwosha na kumgeuza.

Kazi hii inataka mpasuaji aliyesomea mifupa, na kwa watu wa Kiambi maana yake ni safari ndefu, pengine mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo kaeni karibu na hospitali mpaka nyuzi zitolewe. Mkirudi nyumbani, na kidonda cha kiuno kikavimba, kikatoa maji ya harufu, ama homa ikapanda, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, msingoje siku ya soko ndipo gari lipatikane.