Una milioni mbili na ramani ya milioni nne? Usikimbilie kupunguza simiti

Wewe unayeishi kwenye ploti ya milango minane na choo kimoja, najua kuna ramani ya nyumba kwenye simu yako. Usikatae. Uliipakua usiku, umeme umepotea, jirani anakohoa upande wa pili wa mabati. Ghorofa moja, vyumba vinne, kila chumba na bafu lake, balkoni, na lile paa linalojificha nyuma ya ukuta hadi nyumba ikaonekana kama sanduku. Ni kali, nakubali. Mimi nilikuwa nayo hiyo hiyo.

Mimi natengeneza simu hapa Kawangware, upande wa Kongo. Dada yangu anauza mitumba soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera. Kwa miaka saba tulikuwa tunaweka pesa pamoja tumjengee mama huko Vihiga, kwa sababu ile nyumba ya udongo mvua ikinyesha anahamisha godoro mara tatu kwa usiku mmoja. Tulipofikisha milioni 2.1 tukajiona tumefika. Tukampa mkadiriaji gharama ile ramani ya simu, akatutolea BQ, yaani hesabu ya vifaa na kazi yote. Ukurasa wa mwisho ulisema milioni 4.6.

Sasa hapa ndipo vijana wengi tunapotea. Fundi mmoja alituambia tusijali, ramani ibaki vile ilivyo. "Tutapunguza vyuma, simiti tunyooshe kidogo, ringi bimu si lazima." Alisema hivyo akitabasamu, na nitakuwa mkweli, nilimpenda siku hiyo. Ndoto ilikuwa inabaki nzima.

Bahati yangu dada hakumpenda. Akanivuta hadi kwa msanifu majengo mmoja mwenye ofisi ndogo upande wa Olympic, Kibera. Mama wa makamo, penseli nyuma ya sikio. Nikamweleza wazo la fundi. Akaniuliza kama nakumbuka Huruma, Aprili 2016. Nakumbuka. Jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua, watu zaidi ya 40 wakafa. Hakusema kingine kuhusu fundi.

Akaichukua ramani. "Boss, hii nyumba unamjengea nani?"

"Mama, Madam."

"Mpigie basi. Weka spika."

Nilipiga. Mama akasikiliza habari za ghorofa na balkoni, kisha akauliza, "Mwanangu, ngazi hizo nitapanda na magoti ya nani?" Alichotaka ni baraza la kukaa akichambua mboga, jiko la kuni lililo mbali na nyumba, na paa lisilovuja. Miaka saba ya kuweka akiba na hatukuwa tumemuuliza hata siku moja.

Ghorofa ikaenda hapo hapo. Na hapa nikufunze kitu ambacho mimi sikukijua. Slabu ya juu, nguzo zake, vyuma vyake, mbao za kuishikilia ikikauka, pamoja na ngazi, vinameza pesa kabla hujapata hata chumba kimoja cha kulala. Ngazi yenyewe inakula nafasi chini na inakula nafasi juu. Kama ardhi yako ni pana, unalipia ghorofa ili majirani wakuone.

Kisha Madam akaanza kuhesabu kona kwa ncha ya penseli. Nyumba yetu ilikuwa na kona 22. Kila ukuta unapokunja, msingi unakunja nao, mawe yanakatwa, fundi anapunguza mwendo, na paa juu yake linahitaji mfereji mwingine ambapo mabati yanakutana. Huko ndiko maji huanza kupenya. Akachora umbo la mstatili, kona sita tu kwa sababu ya baraza, na paa la kawaida la miteremko miwili. Lile la kujificha likaondoka pia: linataka ukuta wa ziada kuzunguka nyumba nzima, na mifereji ya ndani isiyosamehe uvivu wa kusafisha. Niliumia. Nitakuwa muongo nikisema sikuumia.

Lakini vita halisi ilikuwa bafu.

Dada alikuwa amejitengea chumba kwenye ramani, chenye bafu ndani. Madam alipopendekeza bafu moja la wote, dada alinyamaza, akabeba mkoba akatoka. Nilimfuata hadi Toi nikamkuta ameketi juu ya mzigo wa sweta. "Pesa yangu iko ndani ya hiyo nyumba," akaniambia. "Miaka kumi na moja napiga foleni na ndoo, taulo begani, wanaume wa ploti wakinitazama. Kama hakuna bafu langu, nirudishie changu." Hatukuongea kwa wiki nzima, na tunaishi chumba kimoja.

Nilirudi kwa Madam peke yangu nikamweleza, nikidhani atasema bajeti ni bajeti. Hakusema. Alichora mabafu mawili yakipeana mgongo, ukuta mmoja kati yao ukibeba mabomba yote, maji taka yakishuka kwenye shimo moja. Bafu la pili halikuwa bure, ila kwenye ramani ya kwanza mabafu yalikuwa yametawanyika kila pembe na kila moja lilitaka mabomba yake.

Ukutani kwake kuna picha ya mtaa wa Quinta Monroy, mjini Iquique nchini Chile. Kampuni ya wasanifu iitwayo Elemental, ya Alejandro Aravena, ilipewa takriban dola 7,500 kwa kila familia, kununua ardhi na kujenga. Haikutosha nyumba nzima. Kwa hivyo mwaka wa 2004 wakakabidhi nusu ya nyumba: ile nusu ngumu, yenye bafu, jiko, ngazi na kuta imara. Pembeni wakaacha pengo, familia zikajijazia zilivyopata. Ukizunguka Kibera au Kawangware utaona watu wakijenga hivyo hivyo, chumba kwa chumba, isipokuwa hakuna aliyewachorea mahali pa kuongeza.

Yetu ikawa hivyo. Mita mraba 74 badala ya 168: vyumba viwili, sebule, mabafu mawili, baraza. Ukuta wa mwisho una dirisha ambalo linto yake imekaa kwenye urefu wa mlango. Siku tukipata pesa tutabomoa mawe yaliyo chini ya dirisha, tupite tukaongeze vyumba. BQ mpya ikasoma milioni 1.86. Zilizobaki Madam alituamuru tusiziguse, maana ukichimba msingi hujui udongo utakuambia nini.

Ukienda kwa msanifu, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya BORAQS, bodi inayowasajili wao na wakadiriaji gharama. Orodha iko kwenye tovuti yao. Mwambie pesa yako halisi siku ya kwanza, hata kama unaona aibu. Uliza pia malipo yake yanabeba marekebisho mangapi; sisi hatukuuliza, na mchoro wa nne tuliulipia.

Kuta bado hazijafika kimo cha dirisha, lakini dada ameshanunua mlango wa bafu lake. Una komeo mbili. Umeegemezwa hapa ndani kwetu Kawangware, na kila usiku napita kwa ubavu nikienda kulala.